Namba Ikishuka, Dawa Iko Kazini: Hotuba kuhusu Vidonge vya Kushusha Lehemu

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumze nanyi kuhusu dawa za kushusha lehemu, ile ambayo wengi wetu tumezoea kuiita kolesteroli. Mimi ni mfamasia, na kwa miaka yote niliyokaa nyuma ya dirisha la dawa, hakuna kauli niliyoisikia mara nyingi kuhusu dawa hizi kuliko hii: "Nimeziacha, maana nilipopima mara ya mwisho nilikuta imeshuka." Anayeitamka huwa na furaha, na mara nyingi huwa ameshika karatasi ya maabara kama ushahidi. Kwake yeye mambo ni wazi: alikuwa mgonjwa, akatumia dawa, akapona, sawasawa na mtu aliyemaliza dozi ya kuua vijidudu. Haya nitakayoyasema leo ni jibu langu kwa kauli hiyo, jibu ambalo pale dirishani, watu wengine wakiwa wamepanga foleni, sijapata kamwe nafasi ya kulitoa lote.

Tuanze na lehemu yenyewe, kwa sababu imesingiziwa mengi. Seli za mwili wa binadamu haziwezi kuishi bila lehemu; ndiyo inayozipa kuta zake uimara, na ndiyo malighafi ya homoni za uzazi, ya vitamini D na ya nyongo. Sehemu kubwa ya lehemu tuliyo nayo hatukuila, bali mwili umeitengeneza wenyewe, na ini ndilo fundi mkuu wa kazi hiyo. Ndiyo maana mtu mwembamba anayekula kwa uangalifu anaweza kupimwa akakutwa na kiwango cha juu, naye asiwe amemdanganya daktari hata kidogo kuhusu sahani yake. Kwa kuwa lehemu haiyeyuki katika damu, husafirishwa ikiwa imefungwa ndani ya vifurushi vya mafuta na protini, na vifurushi vinavyotutia wasiwasi ni vile ambavyo kwenye majibu ya maabara huandikwa LDL. Vikizidi katika damu kwa miaka mingi, hupenya kwenye kuta za ateri, hunasa humo, na kidogo kidogo hufanya utando mnene wa mafuta ambao siku moja hupasuka, damu ikaganda juu yake, mshipa ukaziba. Ukiziba moyoni tunaita mshtuko wa moyo. Ukiziba kichwani tunaita kiharusi. Katika miaka yote ambayo hayo yanaandaliwa, mwenye mwili hahisi chochote.

Nawaomba mlishike hilo la kutohisi chochote, kwa sababu ndilo linalozitofautisha dawa hizi na nyingi nyingine ninazozitoa. Dawa ya maumivu hujitetea yenyewe: ukiimeza maumivu hupungua, ukiiacha yanarudi, na huhitaji mtu wa kukushawishi. Dawa ya lehemu haina namna ya kujitetea. Aliyeimeza miaka kumi na asipatwe na mshtuko wa moyo hawezi kuonyeshwa mshtuko aliouepuka, na jirani yake ambaye hakuimeza anaweza vilevile kuwa salama. Kinachobaki mkononi ni namba moja kwenye karatasi, na namba hiyo, kama mtakavyoona, imetupotosha mara nyingi, sisi wataalamu tukiwa wa kwanza.

Dawa zinazotumika zaidi ni za jamii ya statini: simvastatini, atorvastatini, rosuvastatini, pravastatini na ndugu zao. Ndani ya ini kuna kimeng'enya kiitwacho HMG-CoA ridaktasi ambacho husimamia hatua muhimu katika utengenezaji wa lehemu. Statini hukaa mahali pake na kukizuia kufanya kazi. Ini likishaona kwamba akiba yake ya lehemu inapungua, huongeza vipokezi juu ya seli zake ili livute LDL kutoka katika damu, na hapo ndipo ushukaji mkubwa unapotokea. Habari za vipokezi hivyo tulifunuliwa na Michael Brown na Joseph Goldstein, waliokuwa wakifanya kazi Dallas nchini Marekani na ambao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Angalieni sasa kwamba katika maelezo yote hayo hakuna mahali ambapo dawa imeliponya ini au imebadilisha jeni tulizorithi. Inazuia tu, na inazuia kwa muda ule inapokuwamo mwilini. Ukiiacha, kimeng'enya hurudi kazini, na baada ya wiki chache kiwango huwa kimerudi karibu na pale kilipokuwa. Aliye ndani ya mashua inayovuja, akikumba maji mpaka sakafu ikakauka, haitupi kata yake baharini kwa sababu hana tena maji ya kukumba.

Nitarudi nyuma kidogo katika historia, kwa kuwa inaeleza kwa nini tunaziamini dawa hizi na hatuziamini nyingine. Statini ya kwanza ilitoka kwenye kuvu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Akira Endo, mwanakemia wa viumbe aliyekuwa mwajiriwa wa kampuni ya dawa ya Sankyo nchini Japani, aliwaza kwamba huenda kuna kuvu wanaojilinda dhidi ya vijidudu kwa kutengeneza kitu kinachozuia kimeng'enya hicho nilichokitaja. Yeye na wenzake walichunguza aina zipatazo 6,000, kazi ya kuchosha iliyochukua takriban miaka miwili, mpaka walipokipata walichokitafuta katika kuvu aitwaye Penicillium citrinum aliyekuwa kwenye mchele. Walipokijaribu kwa panya hakikufanya lolote la maana, na jambo hilo lingeweza kuzikwa hapo hapo kama lisingejaribiwa tena kwa kuku wa mayai, ambao lehemu yao ilishuka waziwazi. Dutu hiyo, iliyopewa jina la kompaktini, haikufika kamwe madukani. Iliyotangulia kuidhinishwa ni lovastatini, iliyotoka kwa kuvu mwingine, na ruhusa yake ilitolewa Marekani mwaka 1987. Endo alifariki dunia mwaka 2024, akiwa na miaka 90.

Lakini kabla ya statini kulikuwa na dawa nyingine, na hadithi zake si za kujivunia. Triparanoli ilishusha lehemu, ikaondolewa sokoni mwaka 1962 kwa sababu iliwatia watu mtoto wa jicho. Klofibrati ilishusha lehemu pia, na katika jaribio kubwa lililoratibiwa na Shirika la Afya Duniani, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 1978, ilipunguza hata mishtuko ya moyo isiyoua. Ila walioimeza walikufa kwa wingi zaidi kuliko wasioimeza. Na msidhani kwamba hayo ni ya zamani tu. Mwaka 2006 majaribio ya torsetrapibu, iliyopandisha sana ile lehemu tunayoiita nzuri na kuishusha ile mbaya, yaani LDL, yalisimamishwa kwa sababu vifo vilikuwa vingi upande wa waliopewa dawa. Karatasi za maabara za wagonjwa hao zilikuwa za kupendeza. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba dawa fulani inashusha lehemu, huwa sijaridhika bado; nataka kujua kama waliotumia dawa hiyo waliishi.

Kwa statini jibu la swali hilo lilipatikana mwaka 1994, katika jaribio la nchi za Skandinavia lililowahusisha watu 4,444 ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa moyo. Nusu walipewa simvastatini, nusu vidonge vitupu visivyo na dawa ndani, na wakafuatiliwa kwa zaidi ya miaka mitano. Upande wa vidonge vitupu walikufa watu 256. Upande wa simvastatini, 182. Tangu hapo yamefuata majaribio mengine mengi, na yakijumlishwa pamoja yanaonyesha kwamba kila LDL inaposhushwa kwa milimoli 1 kwa lita, ambayo ni kama miligramu 39 kwa desilita kwa maabara zinazotumia kipimo hicho, mishtuko ya moyo, viharusi na matukio mengine ya jamii hiyo hupungua kwa takriban moja ya tano. Na faida hiyo huongezeka kadiri miaka ya kutumia dawa inavyoongezeka. Anayeacha baada ya miezi sita kwa sababu namba imeshuka ameondoka shambani mbegu ikiwa ndiyo kwanza inachipua.

Je, ni nani basi anayepaswa kuzimeza? Si kila mwenye namba iliyopanda, na hapa nitawasema kidogo wenzangu wa upande wa kuandika dawa. Moja ya tano ya hatari kubwa ni kitu kikubwa. Moja ya tano ya hatari ndogo ni kitu kidogo. Aliyekwisha kupatwa na mshtuko wa moyo au kiharusi kilichotokana na mshipa kuziba anazihitaji karibu bila mjadala, na miongozo ya Ulaya ya mwaka 2019 inataka LDL ya mtu wa namna hiyo ishuke chini ya milimoli 1.4 kwa lita, kiwango ambacho kwenye karatasi nyingi za maabara hakionyeshwi kabisa, kwa sababu karatasi hizo huandika kiwango cha kawaida cha watu wote. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuona jibu lake halikuwekewa alama nyekundu, akadhani mambo yamekwisha, kumbe kwa hali yake bado. Wengi wenye kisukari walio na umri wa miaka 40 na kuendelea wamo katika orodha. Wamo pia waliorithi lehemu nyingi kutoka kwa wazazi, hali inayowakuta takriban watu 1 kati ya 250 na ambayo huua mapema kwa kuwa mishipa yao imekuwa ikioga katika LDL tangu kuzaliwa. Mmoja akigundulika, ndugu zake wa damu na watoto wake wapimwe. Kwa waliobaki, daktari hukokotoa hatari ya miaka kumi ijayo kwa kuangalia umri, shinikizo la damu, uvutaji sigara na mengineyo, kisha wawili hao wanazungumza. Natilia mkazo neno wanazungumza. Dawa ya kumeza maisha yote inayoandikwa katika dakika mbili, bila mgonjwa kuelezwa ni ya nini, ni dawa itakayoachwa, na lawama haitakuwa ya mgonjwa peke yake.

Sasa nije kwenye yale mliyokuja kuyasikia zaidi, yaani madhara, au kama sisi wafamasia tunavyopenda kuyaita yakiwa madogo, maudhi. Yapo. Wataalamu wa majaribio haya wamepiga hesabu ifuatayo, na mimi huipenda kwa sababu inaweka pande zote mbili kwenye mizani moja. Chukueni watu 10,000, washusheni LDL kwa milimoli 2 kwa lita kwa miaka mitano. Kama tayari wana ugonjwa wa mishipa, watu kama 1,000 wataepushwa na tukio kubwa la moyo au mishipa; kama hawana ugonjwa huo lakini wako katika hatari, watu kama 500. Katika hao 10,000, wapatao 5 wataharibikiwa misuli kwa kiasi cha kuhitaji matibabu, kati ya 50 na 100 watapata kisukari ambacho pengine wasingekipata au kingechelewa, na kati ya 5 na 10 watapata kiharusi cha kuvuja damu. Anayewaambia kwamba dawa hizi hazina madhara anawadanganya, na anayewaambia kwamba madhara yanazidi faida kwa mgonjwa wa moyo hajapiga hesabu.

Mtasema: mbona watu wengi tunaowafahamu wamelalamika maumivu ya misuli, si watano katika elfu kumi? Swali hilo ni la haki, na watafiti wa Imperial College London walilijibu mwaka 2020 kwa njia ambayo bado hunishangaza kwa urahisi wake. Waliwachukua watu 60 ambao walikuwa wameacha statini kwa sababu ya maudhi, wakawapa chupa 12, moja kwa kila mwezi: chupa nne zenye atorvastatini, nne zenye vidonge vitupu vinavyofanana nayo, na nne zisizo na kitu. Kila siku mtu alitoa alama za jinsi anavyojisikia, kutoka sifuri hadi mia. Miezi isiyo na kidonge chochote, wastani wa alama za maudhi ulikuwa 8. Miezi ya statini, ulikuwa 16.3. Miezi ya vidonge vitupu, ulikuwa 15.4. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa mno ya adha waliyoipata ilitokana na tendo la kumeza kidonge wanachokiogopa, na sehemu ndogo tu ilitokana na dawa iliyomo ndani yake.

Naomba hapa nisieleweke vibaya, kwa sababu nimewahi kusikia matokeo haya yakitumiwa kumfanya mgonjwa aonekane mzushi. Maumivu yale yalikuwa maumivu ya kweli. Waliyahisi, wakayaandika, na wengine walishindwa kumaliza chupa. Mwili unaotarajia kuumia huumia. Kilichonigusa zaidi ni kwamba baada ya kuonyeshwa matokeo yao wenyewe, nusu ya watu wale walirudi kwenye dawa. Hawakukemewa wala kutishwa. Waliheshimiwa kwa kupewa ushahidi unaotokana na miili yao.

Na kuna maumivu ambayo si ya kuyangojea. Misuli ikiuma au kulegea bila sababu inayoeleweka, hasa ikiambatana na homa au uchovu mkubwa, na mkojo ukawa na rangi nzito kama ya chai, mtu aache dawa na aende hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa misuli inaweza kuwa inavunjika na kuziharibu figo. Ni jambo la nadra, lakini ndilo lililosababisha serivastatini iondolewe sokoni mwaka 2001. Mara nyingi huja kwa sababu dozi ni kubwa mno, au kwa sababu statini imekutana mwilini na kitu kinachozuia isivunjwevunjwe: klarithromisini ya kuua bakteria, itrakonazo ya kuua kuvu, baadhi ya dawa za kufubaza VVU, na hata maji ya balungi kwa wingi. Wanaoishi na VVU hawapaswi kuogopa statini kwa sababu hiyo. Wanachohitaji ni kuchaguliwa inayofaa, maana jaribio lililotolewa mwaka 2023, lenye washiriki 7,769, lilionyesha kwamba pitavastatini ilipunguza matukio makubwa ya moyo kwao kwa asilimia 35. Mama mjamzito, au anayepanga kushika mimba, au anayenyonyesha, azungumze na daktari mapema, kwa sababu wengi wao hushauriwa kusimamisha dawa kwa kipindi hicho.

Lipo jambo moja ambalo hunikera, nalo ni lile la mtu kukataa statini kwa kuwa ni kemikali, kisha akanunua mtandaoni chachu nyekundu ya mchele kwa kuwa ni ya asili. Chachu hiyo ina monakolini K, na monakolini K ni lovastatini kwa jina jingine. Ameikataa dawa ambayo kipimo chake kimeandikwa, amechukua dawa ile ile bila kujua ni miligramu ngapi anameza.

Kuhusu dawa nyingine nitapita haraka. Statini ikiwa haitoshi, kuongeza dozi maradufu hushusha LDL kwa takriban asilimia 6 zaidi tu, kwa hiyo mara nyingi ni busara zaidi kuongeza ezetimibu, ambayo huzuia lehemu isifyonzwe na utumbo. Kwa walioshindwa kabisa statini kuna asidi ya bempedoiki. Zipo pia sindano, evolokumabu na alirokumabu, zilizoidhinishwa mwaka 2015, ambazo huzuia protini ya PCSK9 isiharibu vile vipokezi vya ini. Na inklisirani, ambayo baada ya dozi mbili za mwanzo huchomwa mara mbili tu kwa mwaka. Zinashusha LDL kwa karibu nusu au zaidi, ila bei yake bado inawaweka mbali watu wengi, ilhali simvastatini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2007 na hutengenezwa na viwanda vingi kwa gharama ndogo.

Yaliyobaki ni ya matumizi. Simvastatini imezwe jioni, kwa sababu haikai muda mrefu mwilini na ini hutengeneza lehemu nyingi usiku. Atorvastatini na rosuvastatini zimezwe saa yoyote, mradi iwe saa ambayo hutaisahau. Ukisahau, subiri dozi inayofuata, usimeze mbili kwa pamoja. Damu ipimwe tena kati ya wiki 4 na 12 baada ya kuanza au kubadilisha dozi, na kipimo hicho mkielewe hivi: hakiulizi kama umepona, kinauliza kama dozi inatosha. Kuacha sigara, kutembea na kupunguza mafuta yanayoganda kuendelee, kwa kuwa kidonge hakijawahi kupewa kazi hizo.

Na ukifika mahali ukataka kuacha, kwa maumivu, kwa gharama, kwa uchovu wa kumeza au kwa sababu tu namba imeshuka, njoo useme kabla ya kuacha. Tunaweza kupunguza dozi, kubadilisha statini moja kwa nyingine, kusimamisha kwa wiki chache na kuona kama maumivu yanaondoka kweli, au kukokotoa upya hatari yako na kukubaliana nawe kwamba huihitaji. Njoo na chupa zako zote, pamoja na zile za mitishamba ambazo huwa tunaonewa aibu kuonyeshwa. Foleni iliyo nyuma yako itasubiri.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Nimeona mikono kadhaa tangu nilipotaja balungi, kwa hiyo tuanze maswali na wenye mikono hiyo.